Yaliyosomwa Dukani kwa Mbaruk

Meli ya Chewa,
Kilindoni, Mafia.
2 Novemba 1974

Mpendwa Mwalimu Leodegar,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila ngozi yangu imeanza kufanana na ng'onda, samaki wa kukaushwa juani.

Naandika kwako kama tulivyokubaliana siku ile Kivukoni, ili umsomee baba. Ningemwandikia mwenyewe kwa herufi za Kiarabu anazozisoma, lakini unajua nilivyotoroka chuo cha Kurani kabla mkono haujakaa sawa. Mwandiko wangu wa upande ule ni nyayo za kuku. Baba angeutundika dukani wateja waucheke.

Mwambie kwamba Chewa si jahazi wala si boti ya kuvulia. Ni meli ya kulala. Wageni wanateremka kwa ndege ndogo hapa Kilindoni, wanapanda melini, na kwa siku nane hawakanyagi nchi kavu. Wanalala humo, wanakula humo, na mara tatu kwa siku wanabeba mitungi ya hewa mgongoni na kuzama kuangalia samaki. Baba atauliza wanawavua saa ngapi. Mwambie hawawavui. Wanawaangalia, wanapanda, wanakula, wanashuka tena kuwaangalia walewale. Bakili, mpishi wetu, anasema angejua mapema angewapelekea samaki changu watatu kwenye beseni hukohuko kwao Oysterbay, wasisumbuke na safari.

Viongozi wa mbizi tuko wawili, mimi na Ignasi. Kanuni ya meli ni moja tu: hakuna mgeni anayezama bila kiongozi. Kiongozi hutangulia, hupima mkondo, hutazama saa, na ndiye anayesema sasa tupande. Mgeni awe daktari au mhandisi, chini ya maji ananifuata mimi, Saif mtoto wa Mbaruk wa taa za chemli. Juzi alipita papa mrefu kama kaunta ya duka letu. Niliwaonyesha kwa mkono watulie, wakatulia kama darasa lako la saba siku ya mkaguzi.

Mwambie baba sijasahau. Gereji ya Gerezani niliiacha, karakana ya reli niliiacha, na duka lake nililiacha. Alinishika mkono mbele yako akasema, "Hii ukiiacha bila ruhusa yangu, usije kwangu," nami nikaapa. Kiapo kiko palepale. Ila kwa sasa sioni hata sababu ya kuomba ruhusa hiyo. Kazi hii naipenda.

Mwanafunzi wako,
Saif Mbaruk

*

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo,
Dar es Salaam.
13 Novemba 1974

Kwa Saif,

Marahaba. Barua yako ilinifikia Jumatatu. Kwa ujumla umeandika vizuri. Hata hivyo, ukurasa wa pili hauna nukta hata moja tangu juu hadi chini. Anayesoma kwa sauti huhitaji mahali pa kuvuta pumzi, na wewe unayefanya kazi kwa mitungi ungepaswa kulijua hilo kuliko wengine.

Nilimsomea baba yako baada ya sala ya alasiri. Wateja wawili walioingia kununua tambi za taa walikaa kusikiliza bila kualikwa.

"Wanaangalia samaki?" aliuliza baba yako.

"Wanawaangalia tu," nikamjibu.

"Na mwanangu ndiye anayewaonyesha?"

"Ndiye."

"Basi hapo pamemfaa. Hata hapa dukani kazi yake ilikuwa kuangalia."

Duka zima lilicheka. Lakini nilimwona akifuta kioo cha taa ileile mara tatu, na mteja aliyetaka kuinunua akaambiwa angoje.

Sehemu ya papa sikuisoma. Baba yako ana ugonjwa wa shinikizo la damu, na si lazima mzazi asomewe kila kilichoandikwa. Kumsomea mtu barua ni dhamana, na mwenye dhamana hutumia busara. Aliniuliza, "Mchaga, mbona karatasi ni nyingi na maneno ni machache?" Nikamwambia mwandiko wako ni mkubwa. Akaridhika.

Soko jipya linaendelea kujengwa. Vumbi la saruji limefika hadi katika vitabu vyangu. Sukari inapatikana kwa foleni, na foleni yenyewe inapatikana kwa kuamka mapema.

Kumbuka kwamba barua ya sifa iliyokupatia kazi hiyo niliiandika mimi, na jina langu liko chini yake.

Mwalimu wako,
Leodegar Shirima

*

Meli ya Chewa,
Kilindoni.
26 Novemba 1974

Mpendwa Mwalimu,

Shikamoo. Safari hii nimeweka nukta.

Mambo yamebadilika. Ignasi ameondolewa. Bwana Theophil, mkuu wa meli, alituita sitahani akatuambia wageni wamelalamika. Wana vyeti vya kuzamia, wamezama katika bahari nyingi, hawataki kushikwa mkono. Kuanzia sasa mwenye cheti atazama na mwenzake, wawili wawili, bila kiongozi. Atakayetaka kiongozi yupo Saif. "Siasa yetu ni kujitegemea," akasema Bwana Theophil, "na wageni nao wajitegemee." Bakili akauliza kama ndiyo wajipikie pia.

Mwanzoni nilifurahi. Nilidhani nitapumzika. Mwalimu, sikujua mtu anaweza kuchoka hivi kwa kukaa. Wageni wakizama, mimi nakaa ukingoni kutazama mapovu yao. Ya wawili hutokea pamoja, kama maji ya chai yanapoanza kuchemka. Nayafuata kwa macho. Yakihama nahama nayo. Yakitengana nasimama. Yakipotea sina la kufanya ila kuyatazama maji, na juu ya maji hakuna kilichoandikwa.

Kisha Bwana Theophil hunigusa begani, ndipo navaa mtungi. Wiki hii nimeshuka mara saba kutafuta watu. Yupo mhandisi mmoja Mswidi anayefanya kazi hapo Dar, Bwana Lindahl, na mkewe. Ni watu wazuri, wana salamu. Walimfuata kasa hadi mita arobaini wakasahau saa. Niliwafuata nikawapandisha, na kabla sijakauka nikashushwa kwa wengine. Kiongozi anayetangulia huchagua kina chake na muda wake. Anayetumwa kutafuta hachagui chochote. Huenda walikokwenda wao.

Daktari mmoja mgeni alinieleza jambo hili. Ukiwa chini, hewa unayovuta hubanwa ikaingia katika damu. Ukipanda taratibu na kupumzika, hutoka kwa adabu. Ukishuka na kupanda, ukishuka na kupanda, hutoka kama soda iliyotikiswa. Viwiko vyangu vinauma tangu Ijumaa. Ngozi ya tumbo inawasha na ina madoa mekundu. Daktari aliyatazama madoa akaniambia nisizame kwa wiki nzima. Siku iliyofuata aliondoka na ndege, na mimi nikazama mara tatu.

Kwa hiyo naomba. Muulize baba kama ananiruhusu kushuka melini. Umwambie si kama gereji na si kama reli. Huko niliondoka kwa kuchoshwa. Hapa naogopa. Nikipata neno lake, siku hiyohiyo nitatafuta chombo cha kuja Dar. Bila neno lake sitashuka. Unajua niliapa.

Wako mtiifu,
Saif

*

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo.
6 Desemba 1974

Kwa Saif,

Marahaba. Barua yako imepokelewa na imesomwa. Jibu ni hili: timiza mkataba wako hadi mwisho wa Februari, kisha urudi nyumbani ukiwa umemaliza kitu kimoja katika maisha yako.

Baba yako hajambo, na anakusalimu. Suala la wageni kujipikia lilimchekesha mpaka akakohoa. Alikuwa na watu wengi dukani, akawaambia, "Mwanangu sasa ana kazi ya kukaa ukingoni kutazama povu, na bado analishwa!" Alisema hivyo kwa majivuno. Muuza kahawa amelisikia hilo, na sasa mtaa mzima unamwita baba yako Mzee Povu. Hakasiriki.

Maumivu ya viungo humpata kila kijana anayeanza kazi ya nguvu. Mimi nilipokuwa chuo cha ualimu tulilima shamba la wamisionari kwa mikono yetu, na kwa mwezi mzima sikuweza kuinua chaki. Nilimaliza. Nakutumia chupa ya mafuta ya karafuu. Ujipake kabla ya kulala.

Tarehe 18 nitasafiri kwenda nyumbani kwetu Kilema kwa ajili ya Krismasi, nami nitarudi baada ya mwaka mpya. Barua zitakazofika katikati zitaningoja katika sanduku langu, Posta.

Mwalimu wako,
Leodegar Shirima

*

Meli ya Chewa,
Kilindoni.
17 Desemba 1974

Mpendwa Mwalimu,

Shikamoo. Kama hilo ndilo neno la baba, nimelipokea.

Mafuta yamefika. Bakili ananipaka mgongoni na viwikoni. Anasema nanukia pilau, na wageni wakikosa kitoweo anajua atakayemtia chunguni. Viwiko vimepungua maumivu kidogo. Mguu wa kushoto ndio mpya. Una ganzi, kama mtu aliyevaa soksi nene isiyovulika. Juzi jikoni niliona damu sakafuni nikamuuliza Bakili amejikata wapi. Akanionyesha mguu wangu. Nilikuwa nimekanyaga kipande cha sahani, nacho kilikuwa bado kimo.

Nilimwambia Bwana Theophil. Akasema nitapumzika baada ya wageni wa Krismasi. Wanakuja kumi, wote wana vyeti, hakuna anayetaka kiongozi. Bwana Lindahl na mkewe wanarudi. Mwalimu, nimewaza sana hesabu hii. Wageni kumi wakikubali niwaongoze, nazama nao mara moja na kupanda nao mara moja. Wakizama bila kiongozi ni jozi tano, na kila jozi ikichelewa nazama mimi. Watu wanadhani kutembea bila kiongozi ni kumpumzisha kiongozi.

Lipo jambo linalonisumbua, usinikasirikie. Baba hakusema neno lolote juu ya mikono yangu. Nilipokatwa na bati pale gereji, alifunga duka mchana kweupe akanibeba mgongoni hadi zahanati, nami nilikuwa na miaka kumi na tisa, watu wanatucheka njia nzima. Leo nimemwambia naogopa, na jibu lake ni nimalize mkataba tu? Hata mafuta yametoka kwako, hayakutoka kwake.

Pengine amenichoka. Hilo nalo nitalipokea, lakini nataka kulisikia. Tafadhali barua hii umsomee neno kwa neno, tangu shikamoo hadi jina langu. Iddi mwaka huu inaangukia wiki moja na Krismasi yenu, basi nawatakia wote wawili sikukuu njema.

Saif

*

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo.
4 Januari 1975

Kwa Saif,

Nimerudi jana jioni. Barua yako nimeikuta leo asubuhi katika sanduku, na mhuri unaonyesha ilifika tarehe 23 Desemba. Imelala humo siku kumi na mbili.

Nitaandika jambo hili mara moja na kwa maneno yasiyo na pambo. Sikumsomea baba yako ombi lako. Barua ya tarehe 26 Novemba niliisoma hadi kwa mpishi na mapovu, kisha nikaruka hadi jina lako mwishoni. Hakusikia habari za viwiko, wala za daktari, wala kwamba unaogopa. Hakuulizwa ruhusa. Jibu nililokuandikia lilikuwa langu, nami nililipanga katika sentensi ambayo ungeidhania kuwa yake. Nilijua unachokitaka, nami nilikuwa nimekwisha kukuamulia.

Niliona ni uvivu wako wa zamani umevaa nguo mpya. Niliona pia jina langu chini ya ile barua ya sifa. Sijui ni lipi lililokuwa zito zaidi, na sasa haisaidii kujua.

Leo, kabla ya adhuhuri, nilikwenda dukani nikamsomea barua yako ya mwisho neno kwa neno kama ulivyoagiza. Nilipofika kwenye kipande cha sahani alisema, "Rudia." Nikarudia. Nilipofika "pengine amenichoka" aliweka chini taa aliyokuwa ameishika, akaikosa kaunta, ikavunjika. Hakuitazama.

"Mwandikie ashuke," akasema. "Leo! Kama meli iko katikati ya bahari, ashuke aogelee. Mwambie nani kamchoka? Nani? Mwandikie hivyohivyo, usinipangie maneno yako ya shule." Kisha akaketi juu ya gunia la kamba. "Mwalimu, kwani huyu aliomba ruhusa lini? Anasema jibu langu. Jibu gani? Mimi sikumjibu kitu."

Nilimwambia labda ipo barua iliyopotea njiani.

Naam, nilisema hivyo. Leo hii, pamoja na yote niliyokiri hapo juu.

Kutoka dukani nilikwenda moja kwa moja Posta nikatuma simu ya maandishi: BABA AKURUHUSU SHUKA MELINI MARA MOJA. Karani aliniambia waya wa kusini una hitilafu tangu juzi, na kwamba ujumbe utapita ukitengenezwa. Nilimuuliza utatengenezwa lini. Akasema, "Mzee, hata mimi nangoja." Nilikaa kwenye benchi hadi walipofunga. Sijui kwa nini nilikaa. Hapakuwa na kitu cha kufanya pale.

Usizame tena, hata ukiguswa begani.

Leodegar Shirima

*

Ofisi ya Meli ya Chewa,
Kilindoni, Mafia.
31 Desemba 1974

Mwalimu L. Shirima,
Dar es Salaam.

Ndugu,

YAH: AJALI YA NDUGU SAIF MBARUK

Nakuandikia wewe kwa kuwa ndiye uliyemdhamini kwa barua ya sifa. Naomba umfahamishe mzazi wake.

Tarehe 28 Desemba, saa tisa alasiri, wageni wawili, Bwana na Bibi Lindahl, walizama bila kiongozi kwa hiari yao na kwa mujibu wa utaratibu wa meli. Saa tisa na nusu mapovu yao hayakuonekana tena. Ndugu Saif alikuwa amekwisha kuzama mara tatu siku hiyo. Sikumwamuru kushuka. Nilimwambia tu kwamba wageni hawaonekani. Alishuka hadi mita arobaini na tano, hewa ilipokaribia kwisha akapanda, akabadilisha mtungi bila kupumzika, akashuka tena.

Wageni walikuwa wamechukuliwa na mkondo hadi upande wa pili wa kisiwa. Waliibuka salama na kuokotwa na wavuvi. Ndugu Saif alipokuwa akiwatafuta mara ya pili, wao walikuwa wameketi ufukoni wakinywa madafu. Wamesikitika sana, na Bibi Lindahl amelia.

Ndugu Saif alipopanda alifika ngazini kwa mikono tu. Miguu haikumbeba, na hadi leo haijambeba. Mganga wa hapa anasema tiba yake ni chumba cha chuma kinachojazwa hewa ya kubana, na chumba hicho hakipo kisiwani wala hajui cha karibu kiko wapi. Ameshauri asipandishwe ndege, kwa kuwa kupanda angani huzidisha ugonjwa huu. Kwa hiyo yupo kitandani, anangoja. Siwezi kusema anangoja nini.

Nilipomuuliza kwa nini hakukataa kuzama hali alikuwa mgonjwa, alisema hakuwa na ruhusa ya baba yake. Sisi hatukulielewa jibu hilo. Tafadhali lifafanue kwa maandishi, kwa kuwa linahitajika katika taarifa ya ajali.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Theophil M.,
Mkuu wa Meli

*

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo.
11 Januari 1975

Saif,

Barua ya Bwana Theophil ilinifikia juzi, tarehe 9. Niliifungua palepale Posta nikaisoma nimesimama. Iliandikwa siku nne kabla sijakuandikia usizame tena. Ulikuwa umekwisha kuzama.

Nilimsomea baba yako siku hiyohiyo. Alinyoosha miguu yake mbele akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaikunja. Nilimsomea kila neno, isipokuwa aya ya mwisho, ile ya ruhusa. Nilikuwa nimekusudia kuisoma. Nilifika pale, nikaiona, nikasema, "Wako katika ujenzi wa taifa, Theophil."

Bwana Theophil anataka ufafanuzi kwa maandishi. Nimeanza mara tano. Miaka thelathini na moja nimewafundisha watoto wa watu kuandika barua za kiofisi.

Jana Bakili alifika. Alikuja na chombo kilicholeta nazi Kivukoni, akauliza duka la Mzee Povu hadi akafika, maana kumbe ulikuwa umempa jina hilo alitumie. Nilikuwapo. Alituambia kwamba simu yangu ilikufikia tarehe 7, na kwamba uliisoma, ukaiweka chini ya mto, ukaomba karatasi. Kisha akatoa bahasha. Nilinyoosha mkono kuipokea, kama ilivyo desturi. Bakili akanipita, akampa baba yako.

"Kaniambia hii ni ya mzee mwenyewe," alisema. "Mwalimu asisumbuke."

Ulikuwa umeandika kwa herufi za Kiarabu. Karatasi nne, mbele na nyuma. Wewe uliniambia mwandiko wako ni nyayo za kuku. Sikuweza kuona kama ni kweli, kwa kuwa kwangu mimi herufi hizo zote ni nyayo. Nilikaa kwenye kigoda cha wateja, mahali ambapo baba yako huketi ninapomsomea. Yeye alisimama nyuma ya kaunta chini ya dirisha na kusoma kimya. Midomo yake ilikuwa ikitembea. Nilijaribu kuisoma midomo. Mara moja nilidhani nimeona jina langu, mara nyingine nikadhani ni neno la sala. Mteja alikuja akataka tambi, baba yako akamwonyesha mlango kwa kidole bila kuinua macho. Karatasi ya tatu aliirudia. Ya nne aliisoma akiwa ameigeukia rafu, sikuona uso wake.

Alipomaliza alizipanga karatasi sawasawa, akazikunja, akazitia katika mfuko wa kanzu upande wa moyo.

"Anasema nini?" nikamuuliza.

"Anakusalimu."

Nikangoja.

"Anasema mafuta ya karafuu yalimfaa. Anakushukuru."

"Ni hayo tu, Mbaruk? Karatasi zote nne?"

Alichukua kitambaa, akachukua taa, akaanza kufuta kioo. Hakuwa na hasira usoni. Ningependa angekuwa nayo.

"Mwandiko wake ni mkubwa, Mwalimu," akasema.

Ninaandika haya asubuhi. Chombo kinaondoka Kivukoni maji yakijaa saa sita, na baba yako atakuwamo pamoja na Bakili, akiwa na godoro, birika, na taa mbili ambazo hakuna aliyemwambia kwamba zitahitajika. Duka amelifunga. Amenipa ufunguo.

Barua hii anakuletea yeye. Bahasha sikuifunga. Katika karatasi nyingine humu yamo yote niliyoyaruka, na aya ya Bwana Theophil nimeinakili kama ilivyo. Atakaa nayo mkononi siku nzima baharini na hataweza kuisoma.

Kama hukumwambia nililofanya, naomba umsomee wewe.

Leodegar